Vitufe Vyenye Uzito

Wodi ya kifua, 9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na baridi ya huko haijakumaliza. Huku tunaendelea. Mama ni mzima, mguu unamsumbua kidogo ila mdomo hauna tatizo lolote. Mimi nipo.

Usishangae kuona ninaandika barua pepe badala ya kupiga simu. Juzi tulipoongea nilikuwa nakuitikia tu. Sauti yako ilinifikia vipande vipande, kama mtu anayeongea huku anatafuna, na kila nilipodhani umefanya mzaha nilicheka. Baadaye Mama akaniambia ulikuwa unanisimulia msiba wa jirani yako. Nisamehe.

Nikueleze vizuri, maana najua Mama anakupa habari nusu nusu. Kifua kikuu changu ni kile sugu kisichotishwa na dawa za kawaida. Walinianzishia vidonge vipya, vikavuruga mapigo ya moyo, wakavisimamisha. Imebaki sindano ya kila siku, na sindano hiyo inakula masikio. Hawakunificha. Daktari alikaa pembeni ya kitanda akiwa na kalamu mkononi bila kuandika chochote.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

Nikamwambia napiga kinanda kwenye shule ya dansi. Akainama.

"Na nikiikataa sindano?"

"Kifua kitakuondoa kabla ya mwaka kwisha."

Basi nikageukia ukutani, nikadungwa.

Zilianza kuondoka sauti nyembamba. Kipimajoto cha hapa hulia kikimaliza kupima, nami huendelea kukibana kwapani mpaka mama wa kitanda cha pili anionyeshe kwa kidole kwamba kimeshalia. Kuna muuguzi anayepima masikio. Ananivalisha vipokea sauti na kuniambia nikisikia mlio ninyanyue mkono. Wiki iliyopita nilikaa nikimngoja aanze, kumbe alikuwa ameshamaliza.

Sasa shida yangu ni hii. Mwalimu wa dansi ameniomba nimtungie muziki wa onyesho lake la mwisho wa mwaka. Kipande kizima, chenye mwanzo na mwisho, si zile sauti za kuwahesabia watoto hatua. Sijawahi kuombwa kitu kama hicho. Ninacho, kipo kichwani, na sehemu yake ipo vidoleni tayari. Nataka nikitoe ningali nasikia ninachofanya.

Kinanda hakiruhusiwi wodini. Lakini ipo kibodi ya MIDI, ile isiyo na sauti yake yenyewe. Unaichomeka kwenye kompyuta, nayo inapeleka habari tu: kitufe gani kimeguswa na kwa nguvu kiasi gani. Sauti inatoka kwenye kompyuta, inaniingia masikioni kwa vipokea sauti, na wagonjwa wenzangu wanalala. Wewe unashinda ghalani na vyombo vya muziki. Nichagulie moja.

Ila tafadhali, usichague kwa macho. Ninachotaka ni vitufe vizuri. Viwe na uzito, visizame kama godoro bovu. Nikigusa kidogo isikie kidogo, nikipiga kwa nguvu isikie nguvu, na katikati pawe na ngazi nyingi. Ijaribu kwa vidole vyako kabla hujaifunga. Najua hupigi, lakini vidole unavyo.

Mdogo wako,
Chiriku

*

22 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo tu, na huo ni wa kazi. Barua yako niliisoma nimesimama penye mkanda wa mizigo, nikaisoma tena, mpaka maboksi yakarundikana na msimamizi akaja kuniuliza kama nimelala nimefumbua macho.

Kwanza, madaktari hupenda kutisha ili wasilaumiwe baadaye. Usiyape maneno yao nafasi kubwa. Wewe tangu utotoni ulikuwa unasikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Masikio ya namna hiyo hayaondoki kirahisi.

Pili, nimekuchagulia kibodi, na ni nzuri kupita kiasi. Unajua mimi nipo upande wa vitu vilivyorudishwa na wateja. Mtu ananunua, mkewe anamwangalia, kesho yake kimerudi. Hii imerudi haijafunguliwa hata nailoni. Ina pedi za kugonga ngoma, ina vidude vya kuzungusha, na taa zinabadilika rangi ukigusa. Mpakizi mwenzangu, yule ninayemwita Studio kwa sababu hana mazungumzo mengine, amesema watu wanaigombea. Ni nyepesi, itafika upesi. Sikupata nafasi ya kuijaribu kwa kuwa ilikuwa zamu ya mbio, ila kwa macho tu inajieleza.

Msalimie Mama. Mwambie apunguze kupanda ngazi.

Kaka yako

*

Wodi ya kifua, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Habari za mgongo? Mzigo umefika. Walinzi waliupulizia dawa getini kana kwamba wewe ndiye unayeumwa.

Nakushukuru sana, na sasa nitakuwa mkorofi. Kibodi hii haifai. Vitufe ni vifupi kama meno ya mtoto. Nikigusa taratibu, kimya. Nikiongeza kidogo, kimya. Nikiongeza tena, inaruka na kupiga ukelele. Kwenye skrini ya kompyuta kila mguso hupewa namba ya nguvu, kuanzia moja hadi mia moja ishirini na saba. Hii yako inajua namba mbili: sufuri na tisini. Vitufe vyeusi ukivigusa kwa nyuma vinagoma kabisa. Mama wa kitanda cha pili amezichukua zile pedi za taa. Anagonga, zinawaka, anacheka mpaka anakohoa, muuguzi anakuja kutugombeza. Kwa hiyo haijapotea bure.

Najua utaniona sina shukrani. Lakini sikio la kushoto limekwisha, Kaka. Lilikwisha siku ya Jumanne nikiwa nachana nywele. La kulia linasikia sauti nene tu: mlango, gari la taka, sauti ya daktari akiwa ana hasira. Mama huja kunitazama dirishani, kwa kuwa haruhusiwi kuingia. Anasema maneno mengi na mvuke unajaa kioo. Zamani nilikuwa namsikia akipita sokoni. Sasa namtazama midomo, na Mama anavyoongea haraka, hata midomo haimfuati.

Sina muda wa kukosea mara ya pili. Nitakufundisha kupima, na ufanye kama ninavyosema.

Funga macho. Tafuta kitufe cha katikati. Kibonyeze kwa upole, ukirudie kwa upole uleule, na tena, na huyo Studio akusomee namba. Namba zikikaribiana, kibodi ina akili. Zikirukaruka, iache hapohapo. Kisha kiachie kitufe nusu tu ya safari yake na ukibonyeze tena bila kukiruhusu kufika juu. Chombo kizuri husikia. Kisha bonyeza karibu na mzizi wa kitufe, kule ndani, maana kidole hakitui mahali pamoja siku zote. Mwisho, panda pole kwa pole kutoka mguso mdogo kabisa hadi mkubwa kabisa. Namba zipande kama mtu anayepanda ngazi, zisiruke kama panzi.

Na uniambie vidole vyako vilihisi nini. Namba peke yake hazitoshi.

Chiriku

*

15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na uniwie radhi. Barua yako imenikalisha chini. Nilichagua kama mtu anayenunua kofia.

Nimefanya ulivyosema, kwenye mapumziko ya chakula, mimi na Studio. Tulizipanga tatu juu ya meza ya kufungia mizigo. Nikafumba macho. Msimamizi akapita, akasimama, akauliza, "Huyu anaombewa?" Studio akamjibu, "Anapima, bosi." Akaenda zake.

Ya kwanza ilikuwa na vitufe vya springi. Vinarudi haraka, vinakupiga kwenye kidole kama vinakufukuza. Namba zilikuwa kati ya thelathini na sitini kwa mguso uleule. Nikaiacha.

Ya pili ina uzito wa nusu. Inashuka vizuri, namba zinakaribiana, lakini chini kabisa kuna kitu kama mpira, kidole kinadunda. Kule ndani karibu na mzizi inakuwa ngumu.

Ya tatu kona yake moja imevunjika na skrini yake ndogo imekufa. Ndani ina nyundo kama kinanda cha kweli. Nilipobonyeza nilihisi kitu kinanyanyuka upande wa pili, kama ukikanyaga ubao na mtu amekaa kwenye ncha nyingine. Ukishusha polepole unakisikia mahali kinapojiachia. Studio alinisomea: arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini, arobaini na mbili. Nikapanda pole kwa pole, nikashuka, nikarudi kupanda. Nilisahau kula. Sikujua kwamba kidole changu kina vipimo vyote hivyo ndani yake.

Tatizo ni kwamba ya tatu ni nzito. Mama aliniambia mikono yako imekonda, saa inateleza mpaka kiwikoni. Je, utaiweza? Ya pili haina ladha kama hiyo, lakini ingeuhurumia mkono. Amua wewe, nami nitatuma kesho yake.

Kaka yako

*

Wodi ya kifua, 29 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nitumie ya tatu.

Mkono utauma, sawa. Lakini huo ubao ulioueleza, na mtu aliyekaa kwenye ncha nyingine, ndicho ninachokihitaji. Masikio yakiisha, kitu pekee kitakachonijibu ni kitufe. Nataka kinachojibu.

Mama wa kitanda cha pili amefariki. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Nilikuwa nimelala nimempa mgongo, naandika noti kwenye karatasi. Wanasema aliniita. Wa kitanda cha tano alisikia, akadhani nitaamka. Nilipogeuka tayari watu walikuwa wamejaa pale. Mkono wake ulikuwa umenyooka upande wangu, unaning'inia nje ya kitanda.

Wamebadilisha shuka. Ile kibodi ya taa bado iko kwenye kabati lake na sijaenda kuichukua.

Tuma haraka.

Chiriku

*

6 Mei

Chiriku wangu,

Pole, pole sana. Nilitaka kusema mengi, nimeyafuta.

Nimeituma leo. Nimeifunga kwa mikono yangu na kuizungushia blanketi langu ndani ya boksi, kwa hiyo blanketi pia ni lako. Nimeongeza kanyagio la mguu, uweze kurefusha sauti kama kwenye kinanda chenyewe. Jitahidi kula. Niandikie ikifika.

Kaka yako

*

20 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Karatasi ya usafirishaji inaonyesha mzigo ulipokelewa wiki kadhaa zilizopita, lakini sijaona hata mstari. Namuuliza Mama kwa simu, ananiambia, "Anapiga," kisha anabadilisha mazungumzo. Nikamuuliza anapigaje. Akasema, "Mimi namwona dirishani tu, mwanangu. Mikono inakwenda."

Hata neno moja litatosha.

Kaka yako

*

Nyumbani, 3 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Nimetolewa wodini. Makohozi yamekuwa safi, kifua kimepona, naambiwa nina bahati. Nimeongezeka uzito. Mama ananitazama nikila, sahani ikiisha tu anaijaza tena.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nakimbizana na kitu. Kibodi ilinikuta sikio la kulia bado linashika sauti nene. Nilipovaa vipokea sauti na kubonyeza, mkono wa kulia ulikuwa kimya kama ninapiga meza, lakini wa kushoto nilikuwa nausikia. Basi nikashikamana na mkono wa kushoto. Nilitunga juu yake kila siku, na kila siku nilikuwa nashuka kitufe kimoja, viwili, kutafuta mahali ambapo bado pana sauti. Asubuhi moja nikafika kile cha mwisho kabisa upande wa kushoto. Nikakibonyeza. Nikaongeza sauti ya kompyuta mpaka muuguzi akaja mbio akanivua vipokea sauti, akisema vinapiga kelele wodi nzima. Niliona midomo yake tu.

Imekwisha, Kaka. Usinitumie habari za vifaa vya kuvaa wala upasuaji. Nimeshauliza. Vifaa havinisaidii, na upasuaji hauko hapa wala karibu na hapa.

Lakini ulichagua vizuri. Sikudanganyi. Nikishusha kitufe kidole kinajua kimefika wapi, nyundo inanyanyuka, inajiachia, naipata. Natazama namba. Najua arobaini ilivyokuwa inasikika, najua themanini. Naweka unyayo kwenye mguu wa meza na mtetemo mdogo unanipata. Hivyo ndivyo nilivyomaliza kipande cha mwalimu wa dansi. Chote. Mama husimama mlangoni kompyuta ikipiga kwa sauti, nikimuuliza anaitikia kwa kichwa kwamba ni kizuri, lakini Mama hata king'ora cha gari la wagonjwa angekisifia kama ningekipiga mimi.

Nimekiambatisha hapa. Wewe ndiye uliyejifunza kusikia arobaini na arobaini na mbili. Kisikilize hadi mwisho, uniambie ukweli. Mwalimu anakihitaji mwezi wa kumi. Kama kina kasoro nina muda wa kurekebisha.

Chiriku

*

11 Agosti

Chiriku,

Marahaba, mdogo wangu. Umepona. Nimeisoma sentensi hiyo nikaenda kuisoma tena chooni, maana ghalani hakuna pengine pa mtu kukaa peke yake.

Nimekisikiliza kipande. Ni kizuri. Nililia, na Studio alikisikia akasema una kipaji. Usibadilishe kitu. Mpelekee mwalimu kama kilivyo.

Kula vizuri. Msalimie Mama.

Kaka yako

*

Nyumbani, 30 Oktoba

Kaka,

Nilikwenda kwenye mazoezi ya onyesho. Mwalimu wa dansi alinikumbatia mlangoni, akaniweka kiti cha mbele. Wachezaji walikuwa wamejipanga, wale wakubwa, wengine niliwapigia tangu wakiwa hawawezi kufunga viatu. Mwalimu akawasha muziki wangu. Nilijua umeanza kwa sababu mabega yao yalinyanyuka.

Wakacheza kidogo. Kisha msichana mmoja akakosea, akasimama kusikiliza, akakosea tena. Mwenzake akamtazama. Nikaona wanatafuta. Unajua mtu anavyogeuza kichwa akitafuta sauti ambayo imefunikwa? Wote walikuwa hivyo. Mmoja alijizuia kucheka, akapigwa kiwiko. Mwalimu akazima, akawasha tena, akazima. Nilikuwa nimekaa pale, mikono mapajani, sijui kilichokuwa kikiendelea hewani.

Akaja na karatasi. Mwandiko wake ni mzuri, umenyooka. Aliandika kwamba mkono wa kushoto umeufunika wa kulia, kwamba sauti zimeingiliana kama matope, kwamba wachezaji hawapati mahali pa kukanyaga. Akaandika kwamba alidhani kipande kingesikilizwa na mtu kabla ya kumletea. Muda umekwisha. Watatumia muziki mwingine. Chini akaongeza kwamba nafasi yangu ya kupigia madarasa imeshachukuliwa, alikuwa anatafuta namna ya kuniambia.

Nilirudi nyumbani nikamwandikia Mama kwenye simu: ulisikia kwamba kina kasoro? Akaandika: nilidhani ndivyo muziki wa siku hizi ulivyo. Mama simlaumu. Mama hajui.

Wewe ulijua arobaini na arobaini na mbili. Nakuuliza jambo moja, unijibu hilo tu. Ulisikia?

*

1 Novemba

Mdogo wangu,

Nilisikia.

Nilisikia tangu mwanzo, kabla hata ya mkono wa kulia kuingia. Wa kushoto ulikuwa unaunguruma, na wa kulia ulipokuja ulikuwa kama mtu anayeita kutoka nyuma ya lori. Studio alivua vipokea sauti, akanirudishia, akasema, "Mwambie." Nikamwambia nitakwambia. Nikakaa kuandika, nikaona ile barua yako imeandikwa kwamba umepona, nikashindwa. Nilijiambia mwalimu atarekebisha mwenyewe kwa mashine. Nilijiambia umeshapoteza vya kutosha. Niliandika yale niliyoandika na nikalala usingizi mzuri, hilo nalo ulijue.

Sikutaka niwe mimi wa kukwambia. Ndiyo hivyo tu. Tangu mwanzo nilikuwa nakujibu kwa namna hiyo, nikakwambia madaktari wanatisha. Uliniomba masikio nami nikakupa maneno matamu.

Nisamehe. Au usinisamehe kwanza, lakini niandikie.

Kaka yako

*

2 Desemba

Chiriku,

Hujambo? Mama ameniambia mlango wako unafungwa mchana kutwa, na chai anaikuta imepoa ilipowekwa. Ameniambia onyesho limefanyika na hukwenda. Nikamuuliza kama unapiga. Akasema amesikia mara moja tu, kitufe kimoja, kikirudiwa, kikirudiwa, mpaka akatoka kwenda kukaa barazani kwa jirani.

Hujanijibu, na sikudai jibu. Nakuandikia kile ambacho ningepaswa kukuandikia Agosti.

Nimekisikiliza kipande chako kila siku tangu ile barua yako. Nimemwomba Studio anifundishe kuifungua faili kwenye kompyuta, naziona namba zako. Mkono wa kushoto umeuweka themanini, wa kulia themanini. Kwenye skrini zinalingana kabisa, na ndiyo maana uliziamini. Lakini sikioni hazilingani. Sauti nene ikipewa themanini inajaza chumba, nyembamba ikipewa themanini inapenya tu katikati. Zamani ulikuwa unalirekebisha hilo bila kujua, sikio likiamuru mkono. Sasa inabidi mtu akwambie. Nilijaribu: nilipoushusha wa kushoto hadi hamsini na tano, wa kulia ukatokea. Ulikuwepo muda wote. Hamsini kwenye sehemu ya taratibu, ukipenda.

Kanyagio unalishikilia muda mrefu mno. Liachie kila unapobadilisha mkono wa kushoto, hata kama mguu haukwambii chochote. Ndiyo hayo matope aliyoyasema mwalimu.

Sehemu ya tatu ni ndefu na inarudia jambo lililokwisha kusemwa. Mimi si mwanamuziki, lakini pale huwa natazama saa.

Mwalimu hakukosea. Aliandika ukweli, ila nafasi yako ya kazi angekwambia uso kwa uso.

Kaka yako

*

19 Januari

Mdogo wangu,

Jana nimepokea faili kutoka kwako. Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna hata nukta. Sitakuuliza lolote. Nimekwenda nayo kwenye chumba cha kufungia mizigo wenzangu walipokwisha kuondoka, nikafunga mlango, nikasikiliza mara tatu na karatasi mkononi.

Mwanzo umekuwa safi. Mkono wa kushoto umekaa mahali pake, unabeba bila kusukuma. Sehemu ya pili umeogopa. Umeushusha mpaka umepotea, na sasa wa kulia unaning'inia. Urudishe sitini. Kanyagio umeliacha vizuri hadi kwenye zile sauti tatu za kupanda, pale umelisahau, zimeungana. Sehemu ya tatu umeikata nusu. Bado ni ndefu. Kuna kitufe kimoja, cha nne kutoka mwisho wa sehemu hiyo, umekigusa kwa bahati mbaya, kidole cha pete nadhani. Namba yake ni kumi na mbili, pengine hukuiona. Mimi niliisikia.

Karibu na mwisho, mkono wa kulia unapobaki peke yake mpaka unaponyamaza, sina la kusema. Usipaguse pale.

Mengine yote yarudie.

Kaka yako